Ngumi Moja ya Ugali

Mguu wa kulia wa baba yangu, kuanzia chini ya goti, umezikwa Ludara, nyuma ya nyumba ya kaka yake. Siku tulipouzika baba alikuwa hai, amelala wodini Arua, na niliporudi aliniuliza kama shimo lilikuwa na kina cha kutosha. Nilimwambia ndiyo. Sisi ni Waislamu, na kwetu kiungo kilichokatwa hakitupwi, huzikwa. Baba mkubwa ndiye aliyechimba. Aliuweka ukiwa katika kitambaa kilekile cheupe cha hospitali, akafukia, akanawa mikono, kisha akaniuliza kama nilikuwa nimekula.

Kabla ya hapo ndugu hawa wawili walikuwa wamekaa miaka mingi bila kula pamoja.

Baba alikuwa mpishi wa jeshi. Mwaka 1979, serikali ilipoanguka, watu wengi wa Koboko waliokuwa na ndugu jeshini walivuka mpaka na kuingia Zaire, nasi tulikuwa miongoni mwao: baba, mama, mimi, na familia ya baba mkubwa. Tulijenga vibanda viwili vinavyotazamana na jiko moja katikati. Mwaka wa pili mtoto wa mwisho wa baba mkubwa alishikwa na kuhara, akafa baada ya siku sita. Watoto wengi walikufa kwa kuhara mwaka ule. Lakini kuna mtu aliyesema kwamba mtoto huyo alikuwa akila zaidi kwa mama yangu kuliko kwa mama yake, na neno hilo likatosha. Hakuna aliyemshtaki mtu. Jioni moja tu, mama alipopeleka sinia, baba mkubwa alisema wameshiba. Kesho yake wakasema wameshiba tena. Siku ya tatu wakasema hivyohivyo, na majiko yakawa mawili.

Kwetu mtu akisema ameshiba mbele ya ugali wako siku tatu mfululizo, ameshamaliza kusema. Sumu inaogopwa sana upande wetu, na kwa kuwa haiwezi kuthibitishwa, inajibiwa kwa mkono kutokwenda kwenye sinia. Wanaume hula pamoja. Ugali wa muhogo uliochanganywa na wimbi, yaani ulezi, huwekwa katikati kama kichuguu, mboga kwenye bakuli pembeni, na kila mmoja anamega upande wake. Anayelamba mboga bila kumega ugali anaitwa mwizi. Asiyegusa kabisa anaitwa jina baya zaidi, na haitwi usoni.

Mama alifia hukohuko Zaire, kwa homa. Tuliporudi, katikati ya miaka ya themanini, baba mkubwa alijenga Ludara na baba akalima muhogo Lobule. Mimi nilipata kazi ya ualimu katika shule ya msingi Arua, nikapanga chumba upande wa Manibe. Baba na kaka yake walikutana msikitini Koboko siku za Ijumaa, wakapeana mikono, wakaulizana habari za mvua. Kisha kila mmoja alipanda baiskeli yake akaenda kula kwake.

Ugonjwa ulianza na maji. Baba alikunywa mtungi mzima kwa siku, akaamka kukojoa mara nne, mara tano. Jirani yake alimwonyesha kwamba pale alipokojoa sisimizi walikusanyika. Alicheka. Baadaye alijikata kidole cha mguu kwa jembe, na kidonda kikakataa kupona tangu palizi hadi mavuno. Alikuja Arua juu ya lori la tumbaku, mguu umefungwa kwa kipande cha shuka, na mimi nikampeleka hospitali.

Maabara walichemsha mkojo wake pamoja na dawa ya rangi ya samawati ndani ya kichupa cha kioo. Niliruhusiwa kutazama. Ikibaki samawati, hakuna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Njano, imezidi. Nyekundu kama tofali, imezidi sana. Ya baba ilipita rangi zote hizo moja baada ya nyingine, ikasimama kwenye tofali.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alichora sahani kwenye karatasi. Nusu ya sahani ilikuwa mboga za majani: kunde, mchicha, bamia. Robo ilikuwa samaki, yai, nyama au maharage. Robo iliyobaki aliandika ugali, halafu akamwambia baba akunje ngumi. Kiasi hicho, alisema, mchana, na kiasi hicho jioni. Alieleza kwamba muhogo, wimbi, mahindi na viazi vikifika tumboni vinageuka sukari, hata kama ulimi hausikii utamu, na kwamba mwili wa baba haukuwa tena na nguvu ya kuitumia sukari hiyo, kwa hiyo ilizunguka kwenye damu ikala mishipa na kuzuia kidonda kupona. Karanga na simsim, yaani ufuta, anaweza kula, zina mafuta, zinashibisha bila kupandisha sukari sana. Kisha akatoa vidonge, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na akanigeukia mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa naandika. Alisema vidonge hivi vinashusha sukari vyenyewe, vinataka kukuta kitu tumboni. Asizidishe ngumi, lakini pia asiiache kabisa. Niliandika yote mawili.

Baba alitazama ngumi yake njia nzima ya kurudi.

"Mimi nalipikia askari kambi nzima," alisema tulipofika nyumbani. "Leo napimiwa ngumi moja kama mtoto ya kuachishwa ziwa."

Nilimpikia wiki sita. Nilimpa ngumi moja mchana na ngumi moja jioni, kunde zilizopikwa kwa simsim, samaki mkavu. Hakulalamika tena. Kila baada ya wiki mbili nilipeleka mkojo, na kila mara rangi ilikuwa ya tofali. Mara ya tatu daktari aliniuliza kama baba anakula kwa siri. Nilisema hapana, maana nilikuwa najua kila kilichopikwa. Akaniambia nitaje kila kitu kinachopita mdomoni mwake tangu anapoamka, si chakula tu.

Nilianza kutaja. Uji wa wimbi asubuhi, kikombe kikubwa, na sukari kidogo kwa sababu daktari alisema apunguze. Muhogo wa kuchemsha saa nne, vipande vitatu au vinne. Embe, wakati wa maembe. Viazi vitamu alasiri, kama jirani amechimba. Uji tena kabla ya kulala, kwa ajili ya vidonge.

Daktari aliweka kalamu mezani.

Sikuwa nimemficha. Kwetu mtu aliyekula viazi vitano tangu asubuhi atakuambia bila kudanganya kwamba hajatia kitu mdomoni siku nzima. Chakula ni ugali. Uji ni kinywaji, na muhogo wa kuchemsha ni kitu cha kutafuna wakati unangoja chakula. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa na karatasi yenye sahani iliyochorwa, na kwa wiki sita nilipima ugali kwa uangalifu huku nikimnywesha mara mbili kwa siku kilekile nilichokuwa nampunguzia. Daktari alisema wanga ni wanga, unywe, utafune au ulambe, mwili unahesabu jumla.

Tuliacha uji. Asubuhi nikampa yai, au maharage yaliyobaki, na chai tupu. Wiki mbili baadaye kichupa kilisimama kwenye njano, na baada ya hapo kijani. Kidonda kilianza kukauka pembeni. Baba aliacha kuamka kukojoa. Akasema sasa anaweza kurudi Lobule, shamba linaota majani, na mimi nikamruhusu. Nilimwandikia orodha, ingawa aliijua.

Mwezi haujaisha, baba mkubwa alituma mtu kwa baba. Alisema atachinja mbuzi, atawasomea dua mtoto wake na mama yangu waliobaki Zaire, na anataka mdogo wake aje akae naye kwenye sinia moja. Aliyeleta habari alitamka hilo la sinia mara mbili, kuhakikisha limesikika. Baba alikuja Arua kunieleza. Alizungumza taratibu, akakuna goti. Alisema hajawahi kumwomba Mungu jambo lingine kwa muda mrefu kama hilo.

Nilitangulia kufika Ludara, nikamkuta mama mkubwa, mke wa baba mkubwa, anachuja unga. Nilimweleza ugonjwa. Nilimkunjia ngumi, nikamwambia zaidi ya hapo ni hatari, kidonda bado hakijafunga, daktari ameshataja kukata. Aliitikia kila sentensi. Alisema atamwambia mzee.

Na alimwambia. Wanaume walipokaa kwenye mkeka, kabla ya chakula, ililetwa chai, na kikombe cha baba kilikuja peke yake kwenye sahani, kikiwa kimefunikwa. Baba mkubwa akatangaza kwamba mdogo wake ana ugonjwa wa sukari, kwa hiyo chai yake haikutiwa hata kijiko kimoja, yeye mwenyewe amesimamia. Watu wakasema vizuri, vizuri. Halafu ukaja ugali, mkubwa kuliko ndoo iliyogeuzwa.

Nilikuwa mlangoni mwa jiko, karibu hatua kumi. Baba alimega kidogo, akachovya, akala. Akamega tena kidogo. Halafu akaanza kuchukua mbogamboga na nyama kwa vidole, bila ugali. Alikuwa akijaribu kufuata sahani iliyochorwa. Binamu yao mmoja, mzee mwenye mdomo, alimwona.

"Wewe mpishi ya jeshi," alisema, "unalamba mboga tu? Ugali yetu iko na mchanga?"

Wengine walicheka. Mmoja akasema labda huko jeshini walizoea mkate wa wazungu. Baba naye alicheka, akasema meno yameisha. Binamu akasema ugali hautaki meno, unataka roho safi. Hapo kicheko kikapungua.

Baba mkubwa hakuwa amecheka tangu mwanzo. Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya sinia.

"Ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Kama iko kitu unaogopa, sema hapa mbele ya watu."

"Mimi hapana ogopa kitu."

"Basi kula."

Baba alimega tonge la kujaza kiganja. Akala. Akamega jingine. Nilihesabu hadi kumi na moja, halafu nikaacha kuhesabu. Baba mkubwa alisogeza nyama upande wa mdogo wake, na hao wawili wakaendelea baada ya wengine kunawa, hadi bati la sinia likaonekana. Baba alipomaliza alisema alhamdulillah, na kaka yake akammwagilia maji mikononi, kazi ambayo mkubwa hamfanyii mdogo. Mama mkubwa, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, alishika begi langu la mkono badala ya kunishika mimi.

Mlo mmoja haungekata mguu. Daktari alinihakikishia hilo baadaye, na ninaliandika hapa kwa ajili ya haki. Lakini mtu aliyekula kwa mkubwa wa ukoo hawezi kusema ameshiba kwa wadogo. Kila nyumba iliyokuwa imesikia lile neno la Zaire ilitaka nayo kuonekana imelikana, na njia ya kulikana ilikuwa kumwalika baba. Alikula Ludara, alikula Lobule, alikula Koboko mjini nyuma ya msikiti, alikula hata kwa watu waliokuwa na undugu wa mbali sana. Kila mahali aliletewa chai isiyo na sukari. Mimi nilikuwa Arua nasahihisha mitihani. Alipokuja kwangu, mwishoni mwa muhula, nilisikia harufu ya kidole kabla hajavua kiatu.

Walikata siku ya nne. Baada ya kuuzika mguu, baba mkubwa alikuja kwa baiskeli kutoka Ludara, akakaa chini kando ya kitanda cha baba kwenye mkeka, kama wauguzaji wote, akapika nje kwenye mafiga pamoja na wanawake. Muuguzi alimwonyesha ngumi. Alitazama, akauliza ni ya siku moja au ya wiki. Baba alicheka hadi akashika kidonda. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu Zaire.

Alipotoka hospitali nilitaka akae kwangu. Alikataa. Alisema mwanaume hawezi kuzeeka kwenye chumba cha binti yake wakati kaka yake yuko hai na ana uwanja. Baba mkubwa alikuwa ameshamtengenezea magongo ya mti wa mfudu, na nyumba yenye mlango mpana. Kwa hiyo alihamia Ludara. Niliandika upya maneno ya daktari, nikampelekea mama mkubwa. Hasomi, kwa hiyo nilimsomea, nikamwonyesha vidonge na saa zake.

Nilikwenda kila nilipopata siku mbili. Wakati mwingine nilikuta anakula vizuri: kunde, bamia, samaki, kipande kidogo cha ugali kando. Wakati mwingine sikufika kwa wakati wa kuona. Safari moja nilifika bila kutangaza, mchana, nikamkuta na ugali wa watu watatu mbele yake, na kaka yake ng'ambo ya sinia. Waliinua macho pamoja. Chupa ya mkojo niliyorudi nayo hospitali ilitoa rangi ya tofali, na kwenye kisigino cha mguu uliobaki nilikuwa nimeona ngozi iliyopasuka.

Nilirudi Ludara wiki iliyofuata, nikaenda moja kwa moja jikoni. Nilimgombeza mama mkubwa mbele ya wake za wanawe. Mtu wa rika langu hamsemeshi mke wa baba mkubwa kwa namna ile, na nilijua hivyo wakati nasema. Nilimwambia anamla shemeji yake mguu wa pili. Aliendelea kuchuja unga. Unga ulikuwa unaanguka sawasawa, kama kwamba nilikuwa nazungumza na mtu mwingine.

"Nimesikia, mama," alisema nilipomaliza. "Ugali itapungua."

Nilikuwa na haraka ya kupata usafiri. Naamini nilimwambia asimnyime kabisa, kwamba vidonge vinataka kukuta kitu tumboni. Naamini nilisema hivyo nikiwa nimeshapanda nyuma ya baiskeli iliyokuwa inanipeleka barabarani. Alikuwa mlangoni mwa jiko, na aliinua mkono.

Wiki tatu baadaye mtu alikuja shuleni. Baba alikuwa amelala jioni, na alfajiri baba mkubwa alipomgongea kwa ajili ya sala hakuamka. Walikuta shuka imelowa jasho. Nilifika saa saba, tukamzika alasiri. Nilifanya kila kilichotakiwa kufanywa, nikawasalimu watu wote kwa mpangilio, na kwa siku kadhaa sikuweza kusikia ladha ya kitu chochote, hata chumvi.

Baada ya hitma nilipeleka vidonge vilivyobaki hospitalini. Nilikuwa nimevihesabu. Idadi ilikuwa sahihi, maana yake alikuwa amemeza kile cha jioni. Daktari alisikiliza habari ya shuka. Alisema sukari ikipanda sana inaweza kuua, lakini mara nyingi huchukua siku, na watu wa nyumbani huona mgonjwa anazidiwa. Ikishuka sana inaweza kuua kwa usiku mmoja, na jasho ni moja ya dalili. Akasema pia moyo wa mtu mwenye ugonjwa huu unaweza kusimama bila sababu nyingine. Kisha akaniuliza jioni ile alikula nini.

Nilirudi Ludara kuuliza. Walikuwa wameketi wote wawili barazani, mama mkubwa akichambua kunde, baba mkubwa karibu naye. Niliuliza kama vile nauliza habari za mvua.

Mama mkubwa alisema alimpa ngumi moja, kama nilivyomfundisha, na shemeji akala yote.

Baba mkubwa alisema hapana, yeye ndiye alikuwa naye kwenye sinia. Alisema mdogo wake hakugusa ugali kabisa jioni ile, alikula bamia tu. Alipomwuliza kwa nini, alisema, "Acha leo mama ya Arua afurahi." Mama ya Arua ni mimi, ndivyo baba alivyoniita.

Niliwatazama wote wawili. Mama mkubwa aliendelea kuchambua kunde, majani upande mmoja na vikonyo upande mwingine, wala hakumsahihisha mumewe, na mumewe hakumsahihisha yeye. Niliuliza tena, nikapata majibu yaleyale mawili. Niliyaandika yote, moja chini ya jingine, na sikumrudishia daktari jibu.